Mama Nzoia Hana Rangi

Watu wa Kitale waliomjua fundi Walubengo walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, redio yoyote iliyokufa ilifufuka mikononi mwake. La pili, hakuna mtu aliyeruhusiwa kumgusa Mjapani wake.

Mjapani hakuwa binadamu. Alikuwa kompyuta ya nyumbani, nyeusi, bapa, mpana kama sinia la chai, na kila kitufe chake kilikuwa na herufi ya Kizungu na kialama cha Kijapani pembeni. Mgongoni alikuwa na mdomo. Ulichomeka hapo kaseti ya mchezo, kitu cha plastiki kama kipande cha sabuni ya kufulia, ukawasha, na mchezo ukatokea kwenye televisheni. Kwenye kona yake ziliandikwa herufi tatu, MSX. Miaka ya themanini kampuni kadhaa za Japani, zinazoshindana sokoni, zilikubaliana kuunda kompyuta za namna moja chini ya herufi hizo, ili kaseti ya mmoja iingie katika mashine ya mwingine bila ugomvi. Walubengo alilipenda sana jambo hilo. Alipenda kuwasimulia wateja kwamba washindani wakikubaliana kuhusu tundu moja, dunia nzima inacheza. Alilipenda kwa maneno. Kwa vitendo, tutaona.

Alimpata Mjapani kutoka kwa Mwalimu Okuda, kijana wa kujitolea kutoka Japani aliyefundisha hesabu katika shule moja karibu na Kiminini. Umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu, kwa hiyo mashine ile haikuweza kula stima ya Kenya bila transfoma ya kuipunguza. Transfoma ya mwalimu iliungua, na Walubengo akaikalia wiki mbili, akizungusha nyaya zake upya kwa mkono, raundi baada ya raundi, mpaka ikanguruma tena. Mwisho wa mwaka 1985, mwalimu aliporudi kwao, alimwachia Walubengo mashine, transfoma na kaseti ishirini na tatu. Alimwachia pia orodha yake ya Kijapani, kurasa mbili, akamwambia aiendeleze.

Walubengo hakujua hata neno moja la Kijapani. Basi alianza daftari lake mwenyewe. Kila kaseti aliipa ukurasa: namba iliyochapwa kwenye lebo, idadi ya skrubu, mikwaruzo, hatua za mchezo, muziki wake unavyokwenda. Majina aliyabuni. Ndege inayopigana na wadudu aliiita Nyuki wa Webuye. Mtu mfupi anayewafukuza wengine kati ya kuta aliitwa Askari wa Kanjo, yaani wa baraza la mji. Kulikuwa na Lori la Moi's Bridge, lililopakia magunia. Na kulikuwa na Mama Nzoia, mwanamke mwenye kikapu kichwani anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe yanayozama.

Safu moja tu ya daftari ilibaki tupu mwaka hadi mwaka, nayo ni safu ya rangi. Japani na Kenya hazikukubaliana jinsi ya kupeleka rangi kwenye televisheni. Walubengo alikuwa fundi. Picha iliyokuwa ikibingirika aliituliza kwa bisibisi. Rangi hakuipata. Kwa miaka ishirini alitazama michezo yote kwa kijivu, akaandika "nyuki wa kijivu", "mbingu nyeusi", akayafuta, na mwishowe akaacha kuandika.

Mtaani walimcheka. Sisi ni watu wa ajabu. Tutamzika mtu kwa hotuba za saa tatu, lakini vyombo alivyovitumia maisha yake yote vitakuwa kwa mnunuzi wa vyuma kabla matanga hayajaisha. Karatasi za ofisi zetu zinafungia njugu. Halafu tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni! Walubengo peke yake, katika duka la mabati lenye harufu ya risasi iliyoyeyuka, alikuwa akihesabu skrubu na kuandika. Ningependa kusema alifanya hivyo kwa ajili ya taifa. Ukweli ni kwamba alifanya hivyo kwa sababu Mjapani alikuwa wake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa naye.

Mkewe, Nakhumicha, mzaliwa wa Mabanga karibu na Bungoma, alimwita Mjapani mke mwenzake.

"Mke mdogo ameshapanguswa leo?" angeuliza akileta chai. "Mimi nilipanguswa mwisho lini, Baba Viola?"

"Wewe huingii vumbi, Mama Viola."

"Ninaingia. Hujaangalia tu."

Mwezi wa nne mwaka 2006, binti yao Viola alirudi kutoka chuo cha Eldoret kwa likizo ya Pasaka, na alikuja na habari. Kwenye mtandao kulikuwa na Mholanzi mmoja, jina lake Laurens, aliyetengeneza daftari la dunia nzima la kompyuta zile. Watu wa nchi arobaini na moja walikuwa wameandikisha mashine zao na kaseti zao, nchi kwa nchi, jina kwa jina.

"Kenya je?" Walubengo aliuliza.

"Kenya hakuna mtu, Baba. Hata Afrika Mashariki yote hakuna."

Fundi aliweka bisibisi chini. Tangu dakika ile alitaka kitu kimoja tu duniani: mstari wa Kenya, na jina lake juu yake, peke yake.

Viola alimwandikia anwani ya barua pepe kwenye karatasi, akarudi chuoni. Karatasi ilifuliwa pamoja na shati. Walubengo alimshuku mkewe, lakini hakusema, kwa kuwa anwani alikuwa ameshaikariri. Akaenda kwenye saiba, mahali pa kulipia mtandao, ambako Wahu, msichana aliyeokoka kutoka Murang'a, alikuwa na wiki ya pili kazini. Wahu alimfungulia sanduku la barua, akapiga chapa kurasa kumi za daftari la mzee, kisha akauliza zinakwenda kwa nani.

"Kwa Raurens," alisema Walubengo.

"Inaanza na eri ama aru?"

"Eri."

"Eri ya nini, mzee?"

"Eri ya Rondoni."

"Rondoni," Wahu alikubali, na akabonyeza herufi aliyoisikia. Ndimi za kwao Murang'a na ndimi za Bungoma, kwao Walubengo, zina mazoea yaleyale: kwazo L na R ni mapacha, ukimwita mmoja anaweza kuja yeyote.

Wiki iliyofuata Walubengo alirudi kuangalia majibu. Kulikuwa na barua moja. Wahu alisoma jina la mwandikaji, akasukuma kiti nyuma.

"Mzee, wewe ulimwandikia nani?"

"Mzungu. Si ulikuwa hapa?"

"Basi amejibu mwingine. Hii imetoka kwa Mailer-Daemon."

"Daemon?"

"Ndivyo imeandikwa. Dimoni."

Walubengo alikuwa karani wa kanisa la Friends kwa miaka tisa. Alikuwa amesikia mahubiri mengi kuhusu jinsi mashetani wanavyoingia nyumbani kupitia mitambo, na hakuwahi kuyaamini mpaka siku ile.

"Nisome kwanza?" aliuliza Wahu.

"Usisome! Futa."

"Imefutika."

"Futa na pale ilipofutikia. Kwa jina la Yesu."

Akaenda nyumbani kungoja. Alingoja mwezi wa tano wote. Katikati ya mwezi wa sita Viola alipiga simu kutoka Eldoret, mtandao ukikatakata: "Baba! Nimefungua ile orodha, Kenya iko! Kurasa zinavuta pole pole, sijafungua ndani, lakini Kenya iko!"

Walubengo alifunga duka saa nne asubuhi. Alimwita Rotich, fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuwa amemcheka miaka mingi, wakaenda saibani pamoja. Walisimama nyuma ya Wahu kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Orodha ilifunguka. Kenya. Wahu akabonyeza.

Jina likatokea. Naim Alwi, Bungoma. Mashine moja, kaseti sita. Kando ya jina, nyota ndogo ya njano. Na chini yake picha za michezo, zote sita, zinawaka nyekundu, bluu na kijani.

Rotich alisoma mara mbili. "Kumbe siku hizi unaitwa Naim?"

Walubengo alisogea karibu na kioo.

"Na uliniambia uko na kaseti ishirini na tatu. Hapa naona sita. Zingine umekula, bana?"

Siku zilizofuata alichoma transistari mbili za wateja. Alikula bila kuonja. Jina lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: Naim. Naim ni nani? Naim alianza kuandika lini? Je, alijua skrubu ngapi ziko nyuma ya kaseti? Alikuwa na uhakika wa jambo moja: barua yake ilifika mwezi wa nne na mtu akaichezea. Ama Mholanzi alimpa nafasi yake huyu wa Bungoma, ama Naim mwenyewe aliichungulia mahali na kukimbia mbele. Kaseti sita! Mtu mwenye sita anawekewa nyota, na mwenye ishirini na tatu hajulikani. Alikuwa akilitaja jina hilo akilehemu, akilitaja akifunga viatu, na alasiri moja, akisinzia kitini, alilitaja kwa sauti.

Alipofumbua macho Nakhumicha alikuwa amesimama mbele yake na kikombe.

"Naima ni nani?"

"Nani?"

"Umemwita. Na umekipiga kiti ngumi. Huyo Naima anakufanya nini?"

"Ni Naim. Ni mwanaume."

"Naima wa kiume," alisema Nakhumicha. "Sawa." Akaondoka na chai yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, Walubengo alivaa koti, akatia Nyuki wa Webuye mfukoni kama mtu anayebeba hati ya shamba, akamwambia mkewe anakwenda Mabanga kuwasalimu wakwe. Akashuka Bungoma mjini, akaulizia jina mpaka akaonyeshwa duka.

Duka la Naim lilikuwa mtaa wa nyuma ya msikiti, limejaa pasi, feni na televisheni zilizotumika. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, akila karanga.

"Karibu, mzee wangu. Unatafuta pasi?"

"Nimekuja kuona mashine."

"Ya kushona? Ya kusaga?"

"Ire uripereka kwa Mzungu," alisema Walubengo. Alipokasirika ulimi wake haukumwachia hata L moja.

Naim aliacha karanga. Uso wote ulimfunguka. "Wallahi? Ya MSX? Mzee, tangu nizaliwe wewe ndiye mtu wa kwanza kuingia hapa kuniuliza hiyo kitu! Watu wananiona mwendawazimu. Kaa, kaa. Suad! Leta chai, kuna mgeni!"

Walubengo alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi. Hakuwa amejiandaa kukutana na furaha, na ilimchukiza zaidi. Suad, mke wa Naim, alileta chai ya tangawizi, akamtazama mgeni kwa huruma. "Na wewe pia unayo?" akauliza. "Pole kwa mama watoto."

Naim alitoa mashine kabatini. Umbo lilikuwa lilelile, mdomo uleule, herufi tatu zilezile kwenye kona. Lakini vitufe vilikuwa na Kiarabu. Shangazi yake, Zuena, alifanya kazi Kuwait, akarudi mwaka 1990 vita vilipoanza, na masanduku mawili: moja la nguo, moja la mashine hiyo. Iliundwa Japani kwa ajili ya Waarabu, kwa umeme kama wetu na televisheni kama zetu.

"Unaichomeka tu ukutani," alisema Naim.

"Bila transfoma?"

"Ya nini?"

Walubengo alikumbuka wiki mbili za kuzungusha nyaya. Alitoa Nyuki wa Webuye mfukoni na kuiweka mezani kwa kishindo kidogo. Naim aliichukua kwa vidole viwili, kwa adabu, akaichomeka, akawasha.

Mbingu ilikuwa bluu.

Walubengo alikaa. Kwa miaka ishirini mbingu ile ilikuwa nyeusi. Nyuki walikuwa wa njano, wenye macho mekundu, na mabawa yao yalipopigwa risasi yaligeuka rangi ya chungwa kabla hayajapotea. Ndege yake, aliyoirusha maelfu ya mara, ilikuwa na mstari wa kijani ubavuni ambao hakuwahi kuuona. Ilikuwa kaseti yake. Alikuwa amehesabu skrubu zake. Na hapa, katika nyumba ya mtu mwingine, ilicheka kicheko ambacho haikuwahi kumchekea yeye nyumbani.

"Tamu, eh?" alisema Naim.

"Nani arikupa nafasi yangu?"

"Nafasi gani, mzee?"

"Niriandika mwezi wa nne! Kurasa kumi! Wewe umeingia mwezi wa sita. Nani arikuonyesha barua yangu?"

Naim alimtazama, akapunguza sauti ya nyuki. "Uliandika kwa nani?"

"Kwa Raurens."

"Nitajie herufi. Pole pole."

Walubengo alizitaja, na Naim akaandika kila aliyoisikia nyuma ya boksi la pasi. Kisha akaligeuza boksi. Walubengo alilitazama neno lile.

"Sivyo. Hiyo ya kwanza ni aru. Nimesema eri."

"Ndivyo ulivyosema, mzee. Sikiliza tena mwenyewe."

Fundi alinyakua kalamu akaandika jina lote kwa mkono wake, bila kosa. Macho yake yaliijua L vizuri kabisa. Ulimi ndio haukuijua. Aliiangalia R ya Naim, akaiangalia L yake, na akasikia sauti ya Wahu ikisema Rondoni.

"Barua ikienda kwa mtu ambaye hayuko, inarudishwa," alisema Naim taratibu. "Hukurudishiwa? Inakuja na jina la Mailer-Daemon."

Walubengo aliifunika R ile kwa kidole gumba.

"Tuliifuta," alisema.

"Kwa nini?"

"Tulidhani ni shetani."

Naim alishika meza. Alijaribu kukohoa, akajaribu kunywa chai, halafu akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Suad aliingia kuuliza kuna nini, akaelezwa, akalazimika kutoka nje. "Samahani, mzee wangu," alisema Naim akipangusa macho. "Samahani sana. Shetani wa watu hana makosa hata kidogo."

Walubengo hakucheka. Mwenye wivu akiwa na mwizi wa kumlaumu anaweza hata kulala. Sasa mwizi hakuwepo, wivu ulibaki vilevile, na haukuwa na mahali pa kukaa ila kifuani mwake.

Naim ndiye aliyemweleza habari ya nyota. Mholanzi huiweka kwenye mkusanyiko uliokamilika: kila kaseti iwe na maelezo yake na picha ya mchezo wake, kwa rangi. Sita zake zilikuwa kamili. Mtu mwenye ishirini na tatu kamili angekuwa na nyota na kuorodheshwa juu yake, maana Mholanzi hutanguliza mikusanyiko yenye nyota, kisha huipanga kwa wingi wa kaseti.

"Kwa hiyo utanipita," alisema Naim, na ilionekana hajali, jambo ambalo Walubengo hakulielewa na hakulisamehe. "Mimi nina kamera. Wewe una kaseti. Ziache hapa wiki moja."

"Siziachi."

"Basi njoo nazo."

Masharti aliyatoa Walubengo. Angekuja kila Jumamosi na kaseti chache. Yeye ndiye angechomeka, yeye ndiye angechomoa. Naim angeshika kamera tu. Na hakuna kaseti ambayo ingebaki Bungoma hata kwa saa moja.

Akaja Jumamosi nne. Alikaa kiti cha karibu na mashine kama mlinzi wa benki, kitambaa cha spiriti gotini, na kila mchezo ulipofunguka alikuwa na kazi mbili: kuandika rangi katika safu iliyokuwa tupu, na kumtazama Naim asije akaufurahia kupita kiasi. Askari wa Kanjo alikuwa na sare ya zambarau. Lori la Moi's Bridge lilikuwa jekundu. Naim alijua kusoma namba za lebo na kuzilinganisha na orodha ya Mholanzi, kwa hiyo michezo ilipata pia majina yake ya kwao. Walubengo aliyaandika kwa penseli. Majina yake aliyaacha kwa wino.

Siku moja Naim aliomba acheze kidogo, akafika hatua ya tisa ya Nyuki, ambapo Walubengo hakuwahi kufika. Fundi alisema kamera imepata picha ya kutosha, akazima.

Asubuhi ya Jumamosi ya nne zilibaki kaseti tano. Alikuwa akizifunga kwenye gazeti wakati Nakhumicha alipoingia dukani. Hakuwa na kikombe.

"Kaka yangu amepiga simu kutoka Mabanga. Anauliza mbona hatujamsalimia tangu Krismasi."

Walubengo aliendelea kufunga.

"Jumamosi nne, Baba Viola. Unanyoa ndevu, unavaa koti, unarudi jioni unanuka tangawizi."

"Nimekuambia ni Naim. Tunapiga picha za kaseti."

"Na anaziona kwa rangi, umesema."

"Kwa rangi."

Nakhumicha alitazama gazeti. Kaseti ya mwisho ilikuwa juu, yenye kona iliyomeguka. Hakuhitaji kusoma lebo.

"Hata Mama Nzoia unampelekea?" aliuliza, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

Mwaka 1986 alipokuwa na mimba ya Viola, daktari alimkataza shamba, na kwa miezi mitatu alikaa dukani miguu juu ya kreti ya soda, akimvusha Mama Nzoia mto. Walubengo alikuwa akilehemu huku akimsikiliza akimfokea mwanamke wa kwenye kioo: ruka, mama, ruka, jiwe hilo linazama! Katika ukurasa wa kaseti ile, daftari linasema hivi hadi leo: "Waliofika ng'ambo: Nakhumicha, mara tatu. Mimi, bado." Hata hilo liliwahi kumtia gere.

Alienda Bungoma. Nyota ilikuwa imebakiza kaseti tano, na hakuna mtu angemzuia. Ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili, ya tatu, ya nne. Naim alikuwa amefurahi kuliko yeye. Suad alikuwa ameandaa maandazi kwa ajili ya kusherehekea.

"Bado moja, mzee wangu! Ishirini na tatu, halafu unakalia kiti changu. Hii inaitwaje?"

"Mama Nzoia."

Naim alisogeza kamera, akaifuta lenzi yake kwa shati. "Haya. Tumwone Mama Nzoia amevaa nguo ya rangi gani."

Mkono wa Walubengo ulikuwa tayari juu ya mdomo wa mashine. Ulisimama hapo. Aliisikia kaseti ikigusa mlango wake, na alijua kwamba sekunde mbili zijazo kijana huyu, ambaye hakuwa na kosa lolote, ambaye alimpa chai na rangi ya kila kitu, angeiona nguo ile kabla ya Nakhumicha.

Akairudisha mfukoni.

"Imeharibika?" aliuliza Naim.

"Hapana. Hii ni ya nyumbani."

"Lakini nyota, mzee! Moja tu imebaki!"

"Wacha nyota ikae kwako."

Alikula maandazi mawili kwa heshima ya Suad, akaaga.

Nyumbani alimkuta Nakhumicha akichambua maharagwe. Aliitoa kaseti, akaiweka juu ya ungo.

"Naima amemwona?"

"Hajamwona."

"Kwa nini?"

"Alitaka kujua nguo yake ni ya rangi gani."

Nakhumicha alifikiri kidogo. "Mpigie simu. Nisikie sauti."

Walubengo alipiga, akamwekea sikioni. Sauti nzito ya kiume ikasema, "Salaam aleikum, mzee wangu, umefika salama? Umebadili mawazo?" Nakhumicha alimrudishia simu, akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akanyanyuka, akapangusa mikono, akakaa mbele ya Mjapani kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

"Chomeka."

Transfoma ikanguruma. Picha ikabingirika, ikatulia. Mto wa kijivu, mawe ya kijivu, mwanamke wa kijivu na kikapu chake. Miaka ishirini ilikuwa imepita, lakini vidole vya Nakhumicha vilikuwa bado vinajua jiwe lipi linazama.

"Ni ya kijani," alisema, macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Nini?"

"Nguo yake. Siku zote ilikuwa ya kijani. Hukuwahi kuniuliza."

Kwenye daftari la Mholanzi, Kenya ina mistari miwili. Wa juu ni wa Bungoma, kaseti sita, na nyota. Wa chini ni wa Kitale, ishirini na mbili kati ya ishirini na tatu, bila nyota, maana mkusanyiko wenye pengo haupandi. Laurens ameandika mara tatu kuuliza picha ya mwisho iko wapi, na Wahu amemsomea Walubengo barua zote tatu, na zote tatu hazijajibiwa. Inamuuma kila anapoiona nyota ile, na huenda kuiona kila wiki.

Lakini siku ile, mkewe alipokuwa akikaribia ng'ambo, Walubengo alifungua daftari kwenye ukurasa wa Mama Nzoia, akatafuta safu tupu, na akaandika kwa wino: "Nguo: kijani. Shahidi: Nakhumicha."